Mkebe Uliofungwa kwa Nta

Binti yangu aliponipigia simu kuniambia ana mimba, jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kumpa pole ya kichefuchefu, ni kupanda juu ya stuli na kuutazama mkebe wa mama yangu. Ulikuwa pale pale juu ya kabati, nyuma ya masanduku: mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, rangi yake imebabuka, na kifuniko kimezungushiwa nta ya mshumaa pande zote. Sikuugusa. Niliutazama tu, nikashuka, ndipo nikamuuliza binti yangu kama anakula vizuri.

Mama alikuja nao Kampala safari yake ya mwisho kutoka kaskazini, akiwa mgonjwa tayari. Nilimpokea kituo cha mabasi. Mkoba wake alimwachia konda, lakini mkebe alikuwa ameupakata mapajani njia nzima na hakukubali nimpokee. Tulipofika nyumbani aliuweka mezani mbele yangu, akamwonyesha binti yangu kwa kidevu, binti ambaye wakati huo hakuwa na hata mchumba wa kuonyesha watu.

"Hii ni ya mtoto wa huyu," alisema. "Siku atazaa, mtafungua. Si mbele ya hapo."

Hakusema kilichomo, nami sikuuliza. Ningeuliza nini? Tangu nizaliwe, mikebe ya namna ile, iliyofungwa namna ile, ilikuwa na kitu kimoja tu: mafuta ya shea, moo yaa kama tunavyoyaita sisi Waacholi. Kwetu, mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake, wa kiume siku tatu, wa kike siku nne, halafu hutolewa nje na kupakwa mafuta hayo mwili mzima. Na si mafuta ya kuokota popote. Yanatakiwa yatoke mikononi mwa mwanamke wa nyumba hiyo. Mimi nilipakwa ya bibi yangu. Binti yangu naye alipakwa ya bibi huyo huyo, akiwa ameshakuwa kikongwe cha kutembelea fimbo. Mtoto wa binti yangu ilikuwa zamu ya mama.

Mama hakuiona mvua iliyofuata. Tulimzika kwao, kwenye kiwanja ambacho miti yake ya shea ilikuwa imebaki ya kuhesabu kwa vidole, mingine yote imekwenda kuwa makaa. Nilirudi Kampala nikiwa na gauni lake moja, shuka yake moja, na mkebe. Gauni linachakaa. Shuka nimeitandika hadi imetoboka. Mkebe ndio uliobaki kama alivyouacha mwenyewe, na kila nilipoutazama nilikuwa na hofu moja: mafuta ya shea hayadumu milele. Yakichacha yananuka vibaya, na binti yangu si mtu wa kumpaka mwanawe kitu kinachonuka. Yakiwa yamechacha, nilijiambia, basi cha mwisho kilichotoka mikononi mwa mama kitamwagwa kwenye mtaro wa kwa binti yangu, Ntinda.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu mgumu kwenye mambo ya vyombo. Nikiingia supamaketi na kuona mafuta ya shea yamepangwa dirishani kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, jua linayapiga tangu asubuhi, nashikwa na hasira ya kweli. Nimewahi kumwambia mhudumu ayasogeze kivulini. Akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Nikamwambia hapana, mimi ni mtoto wa mama yangu. Aliniangalia kwa huruma.

Mama yangu alikuwa mke wa askari, na sisi tulikulia Mbuya, hapa Kampala, kwenye nyumba za askari, vyumba vya mabati juu na mabati ubavuni. Saa saba mchana chumba kile kilikuwa tanuri. Ukiacha pipi kwenye dirisha ilikuwa inayeyuka kwenye karatasi yake. Na mafuta ya shea ya kwetu ni laini kuliko yale yanayotoka Afrika ya magharibi, joto kidogo tu yanakuwa maji. Yakiyeyuka na kuganda, yakayeyuka tena na kuganda tena, yanakuwa chengachenga, unapaka mwilini unahisi mchanga. Basi hebu fikiria kazi ya mwanamke yule: kuyatunza mafuta mwaka mzima ndani ya tanuri.

Bibi alikuwa akiyatengeneza kijijini na kuyatuma kwa basi baada ya msimu. Kazi ya mama ilikuwa kuyapokea na kuyahifadhi. Siku yanapofika, hakuna aliyecheza karibu. Aliyayeyusha kwanza kwenye sufuria juu ya sigiri, moto mdogo, akainamisha kichwa pembeni na kusikiliza. Mafuta yenye maji ndani yake hulia, chiriri chiriri, na yeye hakuyaepua mpaka yanyamaze kabisa. Kisha aliyaacha yapoe. Hapo ndipo tulipomkera, maana tulitaka amalize atupe chakula. Lakini ukiyamimina ya moto na kufunika, mvuke unapanda kwenye kifuniko na kurudi chini kama matone ya maji, na ukungu unaanzia hapo. Aliyamimina yakiwa vuguvugu, akajaza mkebe mpaka ukingoni kabisa, hewa isipate pa kukaa, akafunika, akawasha mshumaa na kudondosha nta kuzunguka kifuniko huku akiuzungusha mkebe polepole kwa mkono mwingine.

Chini ya kitanda chao, baba alikuwa amemchimbia shimo. Ndani ya shimo kulikuwa na karai la mchanga, na mchanga ulinyunyiziwa maji kila asubuhi, mikebe imezikwa humo hadi shingoni. Siku za jua kali aliongeza gunia lililoloweshwa juu yake. Wageni waliolala kwetu walikuwa wakishangaa ubaridi unaotoka chini ya kitanda.

"Hii mafuta haitaki kuona watu," mama alikuwa akisema.

Mkebe mmoja tu ndio uliokuwa wazi kwa matumizi, na huo nao ulikuwa na sheria zake. Kijiko chake kilikuwa cha mti, kikavu, kinaning'inia kwenye msumari. Sisi watoto tukitoka kuoga tulipanga mstari na ngozi zetu zilizopauka, naye alituchotea mmoja mmoja. Ole wako uingize kidole mwenyewe.

"Wewe! Mkono iko na maji, unaingiza kwa mafuta ya watu? Toa hapo!"

Na kofi la mgongo lilifuata, si la kuumiza, la kukumbusha. Mpaka leo siwezi kuingiza kidole kwenye chupa ya mafuta yoyote kabla sijakifuta kwenye nguo. Wajukuu wa majirani wananicheka.

Mlango wa pili na wetu aliishi rafiki yake mkubwa, Mnubi, mke wa askari pia, ambaye watu wake walikuwa Kibuli, karibu na msikiti. Siku hizi ni Hajati, amekwenda Maka na kurudi, na mimi simwiti jina jingine. Wakati ule alikuwa mwanamke mnene mcheshi, anasuka vitanga vya rangi mlangoni siku nzima, na yeye na mama hawakuelewana hata siku moja kuhusu mafuta. Hajati aliyataka kwenye kichupa kizuri cha kioo, juu ya meza, yametiwa karafuu na sandali mpaka ukipita nje unajua yuko nyumbani.

"Wallahi, jirani, wewe unaficha mafuta kama mtu ameiba," alimwambia mama.

"Na wewe unaweka yako kwa jua kama nguo. Mwezi moja imechacha, halafu unasema ni karafuu."

"Acha ichache. Mimi mafuta yangu haikai mwezi. Mimi napaka."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Hajati aliondoka na kijiko kimoja cha mafuta ya mama kwenye jani la mgomba, maana ya kwake yalikuwa yamekwisha tena. Nakumbuka harufu zao mbili kwenye veranda ile nyembamba: mama ananuka moshi na kokwa za shea zilizokaangwa, Hajati ananuka kama harusi.

Mwaka mmoja mafuta yalifika yameharibika. Bibi alikuwa ameishiwa mikebe, na mtu mmoja kijijini akampa jerikeni. Aliiosha vizuri, maskini, kwa majivu na maji moto, lakini jerikeni ile ilikuwa imewahi kubeba mafuta ya taa, na plastiki haisahau. Juu ya hilo, konda aliiweka nyuma karibu na injini. Mama alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. Alikaa kitako sakafuni. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia, na siku ile alilia kwa ajili ya jerikeni. Leo naelewa hakuwa analilia ngozi zetu. Alikuwa mbali na mama yake, na yale mafuta ndiyo yaliyokuwa yakimletea habari zake kila mwaka.

Baba, mtu wa maneno machache, alimwomba dereva wa lori la jeshi lililokuwa likitoka kaskazini. Wiki chache baadaye likaja gunia dogo la kokwa kavu kutoka kwa bibi. Mama aliyatengeneza mafuta mwenyewe pale pale Mbuya, uani, kati ya kamba za kuanikia sare. Ilikuwa mara ya pekee kwangu kuona kazi hiyo, nami niliiona vibaya, maana nilipewa mdogo wangu wa kubeba mgongoni na kazi ya kupepea moto. Nilichoona ni mama na Hajati wamepiga magoti mbele ya beseni moja, mikono imezama hadi viwiko kwenye uji mzito wa kahawia, wanaukoroga na kuupiga na kuukoroga, jasho linawatoka, na Hajati analalamika kwamba amekuja Mbuya kuolewa, si kukandika nyumba. Halafu uji ule ukabadilika rangi mikononi mwao. Hajati akapiga kelele, mama akaanza kuimba.

Jioni ile, wakinusa mikono yao, mama alisema kitu ambacho nilikisikia kama mtoto anavyosikia mazungumzo ya wakubwa.

"Kumbe mafuta ndiyo inasumbua. Kokwa yenyewe, ukikausha vizuri, inakaa tu. Haina shida na mtu."

Hajati akamjibu kwamba shida ni viwiko. Mwaka uliofuata bibi alipata mikebe, mafuta yakaja kama kawaida, na mambo ya kokwa yakaisha.

Baba alipostaafu, wazazi wangu walirudi kaskazini na mama akaichukua kazi ya bibi. Kila mwaka aliniletea mkebe, na kila mwaka alikuja na malalamiko zaidi kuhusu miti. Kampala ilikuwa inamuudhi kuanzia kwenye magunia ya makaa. Alikuwa akisimama mbele ya muuza makaa wa pale chini kwetu, anachukua kipande, anakipima kwa mkono, anakigonga kwa ukucha.

"Hii ni yaa, mti wa shea," anamwambia yule kijana wa watu. "Unachoma mama yako ndiyo upike chai?"

"Jajja, mimi nanunua tu kwa lori," kijana alijitetea, akimwita bibi kwa Kiganda.

Nilimvuta mama mkono tuondoke. Nilikuwa naona aibu, lakini nyumbani sigiri yangu ilikuwa imejaa makaa hayo hayo, naye alilijua hilo. Alikula chakula nilichopika juu yake.

Basi ndivyo nilivyofika hapa na mkebe wangu juu ya kabati. Niliutunza kwa sheria zote. Kwenye miezi ya jua niliuteremsha chini, nikauzungushia gunia lililoloweshwa, nikauficha nyuma ya mtungi mahali penye giza. Sikuutikisa. Nilipohama nyumba, vitu vingine vilipanda pikapu na vijana, mkebe ulitembea nami kwa miguu. Binti yangu alinitania kwamba namtunza bibi yake kuliko nilivyomtunza yeye.

Lakini mimba ilipokua, utani ulipungua. Binti yangu anaishi Ntinda, kwenye ghorofa, anafanya kazi ofisini, na alikuwa ameshanunua mafuta ya mtoto: shea pia, kwenye chupa nzuri, meupe, hayana harufu yoyote. Niliyanusa. Ni kama kunusa ukuta.

"Mama, usikasirike," aliniambia siku moja. "Hiyo ya jajja imekaa sana. Itakuwa imeshaekspaya. Mimi sitapaka mtoto kitu imeharibika, hata kama ni ya jajja."

"Haijaharibika."

"Umefungua?"

"Sijafungua."

"Sasa unajuaje?"

Nilikasirika, kitu alichokuwa ameniomba nisifanye. Tulikubaliana hivi: nitaufungua mbele yake siku ya mtoto kutolewa nje. Ikiwa ni mazima, atapakwa. Ikiwa yamechacha, tutatumia ya dukani na mimi sitasema neno. Nililikubali lile la mwisho huku nikijua kabisa kwamba litanishinda.

Akazaliwa mtoto wa kike, mzito, mwenye kichwa cha baba yangu. Siku nne tulizihesabu tangu walipofika nyumbani kutoka hospitali. Asubuhi ya siku ya nne nilikwenda Ntinda kwa boda boda, mkebe nimeufunga ndani ya gunia bichi na kuupakata. Ilikuwa siku ya jua na foleni ya magari ilitukamata njiani, nikamwambia dereva apite kivulini. Akaniuliza kivuli gani, nyabo, katikati ya barabara? Maji ya gunia yalikuwa yanamchuruzikia mgongoni. Nilipomlipa aliniuliza kama nimebeba samaki.

Hajati alikuwa ameshafika kutoka Kibuli, ameletwa na mjukuu wake, amekaa kwenye kochi na mtoto mapajani. Amekonda sasa, na jicho lake moja halioni vizuri, lakini harufu ya harusi iko pale pale. Nilitaka awepo. Hakuna mtu mwingine aliyebaki Kampala ambaye angeweza kuinusa ile harufu na kusema ndiyo, ni yeye.

Niliuweka mkebe mezani. Nilifuta mikono yangu kwenye nguo, mara ya kwanza, mara ya pili. Binti yangu alileta kisu cha mezani. Nikaanza kuikwangua nta, na nta ilikuwa bado na alama ya dole gumba la mama, pale alipokuwa ameibonyeza. Hapo nilisimama.

"Fungua, mwanangu," Hajati alisema taratibu. "Hata kama imechacha, ni ya kwake."

Nikaingiza ncha ya kisu, kifuniko kikalia, kikatoka. Hakuna harufu mbaya iliyotoka. Hakuna harufu yoyote ya mafuta. Juu kulikuwa na kitambaa cha khanga kilichokunjwa, na chini ya khanga, zimeshindiliwa kwa majivu makavu mpaka ukingoni zisipate kucheza, zilikuwa kokwa. Kokwa kavu za shea, za kahawia, mkebe mzima.

Niliingiza mkono hadi chini nikitafuta mafuta. Hakukuwa na mafuta.

Kisha Hajati, aliyeomba aelezwe kuna nini, akawekewa kokwa moja kiganjani, akaipapasa, akaiuma kwa jino alilobaki nalo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akatikisika mapajani mwake.

"Huyu mwanamke!" alisema. "Wallahi, huyu mwanamke! Na wewe ulikuwa unailoweshea gunia?"

Mimi sikucheka. Nitasema ukweli, nilimkasirikia mama yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Nilitaka kitu alichokimaliza kwa mikono yake, nikipake, nilie, nipumzike. Yeye ameniachia kazi. Nilikaa kitako sakafuni, kama yeye siku ya jerikeni, na majivu yakiwa yamenijaa mkononi, nikalia mbele ya binti yangu na mtoto mchanga.

Ni binti yangu aliyezungumza kwanza. Alikuwa amechukua kokwa, anaigeuzageuza.

"Kwa hiyo leo hakuna mafuta?"

"Kuna mafuta," Hajati alisema. "Iko ndani. Jua bado ni mapema. Washa moto."

Nilitaka kusema siwezi. Nilijua kila kitu kuhusu kuyatunza mafuta na sikujua chochote kuhusu kuyatoa, maana siku ile Mbuya nilikuwa nimegeuzia kazi mgongo, napepea moto. Lakini Hajati alikuwa ameshamrudishia mtoto mama yake na kupandisha mikono ya gauni.

Tulizichagua kwanza. Chache za chini, pale mkebe ulipokuwa umeanza kushika kutu kwa ajili ya gunia langu bichi, zilikuwa na ukungu, tukazitupa. Nyingine zote zilikuwa nzima. Tukazikaanga kwenye sigiri kibarazani mpaka zikatoa ile harufu, nami nikalazimika kugeukia ukutani kidogo. Nilizipeleka kwa mwanamke anayesaga karanga sokoni, akanusa na kukataa kata kata, atawapa nini wateja wake wa binyebwa, karanga za mchuzi? Nikarudi. Tukaazima kinu kwa jirani wa chini, nikatwanga mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza ni kitu gani kinapasua sakafu. Zilizotwangwa binti yangu akazimalizia kwenye blenda yake mpya, kidogo kidogo. Blenda ile mpaka leo juisi yake ina ladha ya kwetu.

Halafu beseni. Hajati alipiga magoti kwa kusaidiwa, akaniambia nipige magoti mbele yake. Maji vuguvugu kidogo, akasema. Koroga. Piga. Si hivyo, unaosha vyombo? Fungua vidole. Mikono yake iliyokunjamana iliingia kando ya yangu na kuanza kwenda, na niliona kwamba haifikirii, inakwenda tu kama ilivyokwenda siku ile uani. Viwiko viliniuma. Uji ulikuwa mzito, wa kahawia, haubadiliki, na nilikuwa karibu kusema tumeshindwa.

"Ongeza maji baridi," Hajati alisema. "Sasa. Sasa piga!"

Ukabadilika. Mikononi mwangu, mbele ya macho yangu, ule weusi ukaanza kupauka na kuinuka juu, mzito, laini, rangi ya kahawa ya maziwa. Nilipiga kelele. Binti yangu alikuja mbio na mtoto begani akidhani nimeumia.

Tukayaosha, tukayachemsha, na hapo nilijua la kufanya. Niliinamisha kichwa pembeni ya sufuria nikasikiliza mpaka yakanyamaza. Tulipoyachuja, mkebe mzima wa kokwa ulikuwa umetoa kikombe kimoja na kidogo juu yake, ya njano, angavu.

Jua likielekea kushuka tulimtoa mtoto kibarazani. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyempaka, bila kuniuliza, kuanzia utosini. Alipomaliza alileta viganja vyake puani, akabaki ameviweka hapo.

"Jajja," alisema tu.

Kisha akatazama kikombe kilichobaki, akanigeukia mimi, fundi wa vyombo.

"Mama, hii nyingine tunaiweka kwa kitu gani? Nilete chupa? Ama tuoshe ile mkebe?"

Majibu yote yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Mkebe mkavu, mpaka ukingoni, nta, giza, mchanga. Nilimtazama Hajati, mwanamke ambaye mafuta yake hayakuwahi kukaa mwezi, anayasugua magoti yake yaliyochoka, amefumba macho.

"Hatuiweki," nilimwambia. "Pakeni. Tupake yote."

Tukapaka yote. Miguu ya binti yangu iliyovimba, mikono ya Hajati, shingo yangu, uso wangu, tena mtoto. Mkebe nimeuosha, nimeukausha juani, na uko wazi dirishani kwangu. Shea zikianza kudondoka nitapanda basi kwenda kwetu kuuliza kama iko miti iliyobaki, na binti yangu amesema nisiende peke yangu.